Nani Apange Idadi ya Nyuzi? Historia ya Usanidi wa Kundi la Nyuzi katika Mazingira ya Utekelezaji ya .NET, 2002–2023

1.0 Utangulizi

Katika historia ya uprogramu yapo maswali ambayo huulizwa mara moja, yakajibiwa, kisha yakasahaulika. Swali la idadi ya nyuzi si miongoni mwa hayo. Tangu kampuni ya Microsoft ilipotoa toleo la kwanza la .NET mwezi Februari 2002, swali la ni nyuzi ngapi zifanye kazi kwa wakati mmoja ndani ya programu moja limejibiwa mara kadhaa, kila mara kwa namba mpya au kwa njia mpya ya kuipata namba hiyo. Makala haya yanayafuatilia majibu hayo kuanzia toleo la kwanza hadi .NET 8 iliyotolewa Novemba 2023. Hoja inayoyaongoza ni kwamba historia hii haikuwa ya namba kukua tu kadiri mashine zilivyokua. Ilikuwa historia ya mvutano juu ya nani mwenye uwezo wa kuamua: msimamizi wa seva, mwandishi wa programu, au mazingira ya utekelezaji yenyewe. Kila mara uamuzi ulipohamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, aina moja ya mkwamo iliondoka na aina nyingine ikajitokeza.

Uzi, kwa maana inayotumika hapa, ni mfululizo mmoja wa maagizo ambao mfumo endeshi huupangia zamu ya kutumia prosesa. Uzi si kitu cha bure. Katika Windows, kila uzi hutengewa kwa kawaida nafasi ya anwani ya megabaiti 1 kwa ajili ya rafu yake. Kuuanzisha na kuuzima huchukua muda. Na nyuzi zikiwa nyingi kuliko prosesa, muda mwingine hupotea katika kupokezana zamu. Kundi la nyuzi ni mpango wa kuepuka gharama hizo. Nyuzi chache huanzishwa na kutunzwa, kazi huwekwa kwenye foleni, na uzi unaomaliza kazi moja huchukua inayofuata. Usanidi wa kundi hilo una sehemu tatu: kima cha chini, yaani idadi ambayo mazingira huifikia bila kusita, kima cha juu, ambacho halivukwi kamwe, na kasi ya kuongeza nyuzi kati ya vima hivyo viwili. Wachambuzi wengi hushughulika na sehemu ya pili. Historia inaonyesha kuwa iliyoleta madhara makubwa zaidi kwa muda mrefu ni ya kwanza ikiambatana na ya tatu.

2.0 Urithi wa mfumo endeshi

Wazo la kundi halikuzaliwa na .NET. Windows NT 3.5, iliyotoka mwaka 1994, ilikuwa na utaratibu uliowezesha nyuzi kadhaa kusubiri matokeo ya kusoma na kuandika katika mlango mmoja, huku kiini cha mfumo endeshi kikidhibiti ni ngapi kati yake zinaruhusiwa kuwa kazini kwa wakati mmoja. Uzi mmoja ulipozuilika ukisubiri kitu kingine, kiini kilijua, na kikaruhusu mwingine uingie. Sifa hii ni muhimu kwa yote yatakayofuata, kwa sababu ndiyo sifa ambayo mazingira ya .NET hayakuwa nayo kwa miaka karibu 20: kujua kwamba uzi ulio kazini kwa kweli umelala. Windows 2000 ilipanua wazo hilo kwa kuwapa waandishi wa programu kundi lililo tayari, ambalo walilipelekea kazi kwa agizo moja.

Kanuni iliyofundishwa wakati huo ilikuwa rahisi: kazi isiyosubiri kitu chochote nje ya prosesa inahitaji nyuzi sawa na idadi ya prosesa, basi. Ugumu huanza pale kazi inaposubiri hifadhidata, faili au seva nyingine. Ikiwa kazi hutumia sehemu moja ya kumi ya muda wake kukokotoa na sehemu tisa kungoja, prosesa moja inaweza kuhudumia nyuzi kumi za namna hiyo. Lakini uwiano huo haujulikani mapema, na hubadilika saa kwa saa kufuatana na hali ya mtandao na ya hifadhidata.

.NET ilirithi kanuni hiyo na kuongeza uamuzi wake mmoja mzito: programu nzima ingekuwa na kundi moja tu. Maombi ya wavuti, vipima muda na taarifa za kurejea baada ya kusoma mtandao vyote vilikula kutoka chungu kimoja. Java ilifuata njia nyingine. Toleo lake la 5 la mwaka 2004, lenye maktaba iliyoongozwa na Doug Lea, lilimpa mwandishi wa programu vifaa vya kujijengea makundi mengi atakavyo, kila moja na kima chake cha chini, kima chake cha juu na foleni yake. Njia ya Java ilimbebesha mwandishi mzigo wa kuchagua namba kila mahali, njia ya.NET ilimwondolea mzigo huo lakini ikawafunga wote pamoja. Kosa la sehemu moja ya programu lingeweza kuinyima hewa sehemu nyingine isiyohusika nalo hata kidogo.

3.0 Namba 25 na hesabu ya msimamizi

Katika matoleo ya 1.0 na 1.1, kima cha juu cha msingi kilikuwa nyuzi 25 kwa kila prosesa. Kwa ASP.NET, sehemu ya .NET inayohudumia wavuti, faili kuu ya usanidi ya mashine ilishusha kima hicho hadi 20. Namba hizi zilionekana za kiasi. Seva nyingi za wakati huo zilikuwa na prosesa moja au mbili, kumbukumbu ilikuwa ghali, na programu ya biti 32 ilikuwa na gigabaiti 2 tu za nafasi ya anwani.

Tatizo lilitokana na mtindo wa kazi wa zama zile. Huo ulikuwa wakati wa huduma za wavuti: ukurasa mmoja uliita huduma katika seva nyingine, na mara nyingi katika seva ileile. Ombi lilipofika, lilichukua uzi mmoja wa kundi. Uzi huo uliita huduma na kusubiri jibu. Jibu liliporudi, lilihitaji uzi mwingine wa kundi lilelile ili lipokelewe. Maombi 25 yakifika kwa pamoja katika mashine ya prosesa moja, nyuzi zote zinakuwa zimeshikwa na wanaosubiri, na hakuna uzi uliobaki wa kuwapokelea wanachokisubiri. Prosesa hukaa bila kazi, foleni hurefuka, na mfumo hufanana na duka ambalo wauzaji wote wameenda kumtafuta mwenye funguo. Wabunifu wa maktaba ya mtandao walilitambua hilo kiasi cha kuweka ukaguzi maalumu: nyuzi huru zikiwa chache mno, wito wa mtandao ulikataa kuanza na kutoa hitilafu badala ya kujiunga na mkwamo.

Jibu la Microsoft lilikuwa waraka wa ushauri kwa wasimamizi, ambao kwa miaka kadhaa ulinukuliwa na kunakiliwa kila mahali palipoendeshwa ASP.NET. Waraka huo ulipendekeza kima cha juu cha nyuzi 100 kwa prosesa. Ulipendekeza pia kwamba ombi jipya lisianze kuhudumiwa mpaka ziwepo nyuzi huru zisizopungua 88 kwa prosesa. Kwamba kwa maombi yatokayo katika mashine ileile kizingiti hicho kishuke hadi 76. Na kwamba miunganisho ya kwenda seva moja ya nje iwe 12 kwa prosesa, badala ya 2 iliyokuwa ya msingi.

Namba hizi zinastahili kusomwa kwa utulivu, maana nyuma yake kuna fikra kamili. Toa 88 katika 100, zinabaki 12. Kwa hiyo, licha ya kundi kupanuliwa mara nne, maombi yaliyoruhusiwa kutekelezwa kwa wakati mmoja yalikuwa 12 tu kwa prosesa. Nyuzi 88 zilizobaki ziliwekwa akiba kwa ajili ya majibu yanayorudi. Kushushwa kwa kizingiti hadi 76 kwa maombi ya ndani kunaeleweka kwa njia hiyohiyo: ombi litokalo katika mashine yenyewe huenda limetumwa na ombi jingine ambalo tayari limeshika uzi na linasubiri, hivyo kulichelewesha mtoto ni kumchelewesha mzazi. Upanuzi uliopendekezwa, kwa maneno mengine, haukukusudia kuongeza kazi. Ulikusudia kuhakikisha kwamba kazi iliyoanzishwa inaweza kumalizika.

Hata hivyo, ushauri ulikuwa na mtego. Kima cha juu cha 100 kilizidishwa na mazingira yenyewe kwa idadi ya prosesa. Namba za 88, 76 na 12 hazikuzidishwa, na msimamizi alipaswa kuzizidisha mwenyewe. Katika mashine ya prosesa nne ilimpasa aandike 100 mahali pamoja na 352 mahali pengine, ndani ya faili ileile. Aliyesahau na kuandika 88 alikuwa ameruhusu maombi 312 kwa pamoja badala ya 48, na kuirudisha seva karibu na mkwamo alioukimbia. Ni vigumu kumlaumu msimamizi huyo. Usanidi unaomtaka mtu ajue ni namba ipi inazidishwa na ipi haizidishwi umejengwa kwa ajili ya aliyeubuni.

Toleo la 2.0 la mwaka 2005 lilikiri hilo kwa vitendo. Liliongeza swichi moja ambayo, ikiwashwa, iliyaacha mazingira yajiandikie namba hizo zote kwa kuzingatia prosesa zilizopo. Hesabu ilibaki ileile. Aliyeifanya ndiye aliyebadilika. Marekebisho ya 2.0 yaliyoambatana na toleo la 3.5 mwaka 2007 yalipandisha kima cha juu cha msingi kutoka 25 hadi 250 kwa prosesa. Toleo la 4.0 la Aprili 2010 likafuata kwa kuweka 1023 kwa programu za biti 32 na 32767 kwa za biti 64. Namba hii ya mwisho ndiyo kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 16 zenye alama, na hakuna seva ya kawaida ambayo ingenufaika kwa kuifikia. Maana yake ilikuwa kwamba kima cha juu kimeacha kuwa chombo cha usanidi. Katika kipindi hichohicho, kikomo cha maombi 12 kwa prosesa kilichowekwa na ASP.NET kilipandishwa hadi 5000.

4.0 Kima cha chini na nusu sekunde

Kufutika kwa kima cha juu kuliacha wazi jambo lililokuwa limejificha nyuma yake. Kima cha chini cha msingi kilikuwa, na bado ni, uzi mmoja kwa kila prosesa. Mpaka hapo, nyuzi huanzishwa papo hapo. Baada ya hapo mazingira husita. Uzi maalumu, ambao unaweza kuitwa mlinzi wa lango, huamka kila baada ya nusu sekunde na kuangalia: je, kuna kazi kwenye foleni ambayo haikuguswa tangu ukaguzi uliopita, na je, prosesa ina nafasi? Ikiwa ndivyo, huongeza uzi mmoja. Kasi hiyo ni nyuzi mbili kwa sekunde.

Sababu ya kusita ni ya busara. Nyuzi nyingi zilizo kazini huwa karibu kumaliza, na kuanzisha mpya kwa kila kazi inayosubiri kungerudisha gharama ambazo kundi liliundwa kuziepuka. Lakini madhara yake huonekana maombi yanapofika kwa mkupuo. Ichukuliwe seva ya prosesa nne inayopokea maombi 100 kwa wakati mmoja, na kila ombi likashika uzi wake likisubiri jambo ambalo litakamilishwa na kazi nyingine ya kundi lilelile. Nyuzi nne za kwanza huchukua maombi manne na kulala. Maombi 96 yanabaki. Kwa nyuzi mbili kwa sekunde, uzi wa mia utapatikana baada ya sekunde 48. Si hivyo tu: kazi zinazongojwa ili maombi ya mwanzo yamalizike zimepanga foleni nyuma ya maombi mengine, hivyo kila uzi mpya unaoingia hukuta kwanza ombi jipya, hulichukua, nao hulala. Kwa muda huo wote mteja huona ukurasa mweupe, na msimamizi huona prosesa iliyotulia kwa asilimia chache. Hiyo ndiyo hali ambayo wataalamu huiita njaa ya nyuzi, na ndiyo iliyowapotosha wengi, kwa kuwa kipimo walichozoea kukitazama kilisema kwamba hakuna mzigo.

Toleo la 1.1 lilikuwa tayari limewapa waandishi agizo la kupandisha kima cha chini kutoka ndani ya programu. Agizo hilo liligeuka kuwa dawa ya mitaani: lilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akilitumia kwa kipimo chake, mwingine 50, mwingine 200, mwingine 1000. Dawa ilifanya kazi, na hapo ndipo penye utata wake. Ilitibu mkupuo lakini iliacha palepale msimbo unaolala ukiwa umeshika uzi. Maktaba ya StackExchange.Redis, inayotumiwa na programu za .NET kuzungumza na kashe ya Redis, ni ushahidi mzuri wa jinsi tatizo lilivyoenea. Waandishi wake walilazimika kuandika ndani ya ujumbe wa hitilafu ya muda kuisha idadi ya nyuzi zilizo kazini, zilizo huru, na vima vya chini na vya juu vya kundi. Mtu aliyedhani kashe yake ni nzito alisoma ujumbe huo na kugundua kwamba jibu la kashe lilikuwa limeshafika, ila hapakuwa na uzi wa kulisoma.

5.0 Mazingira yajifunze yenyewe

Kabla ya 2010, ndani ya Microsoft lilikuwa limefanyika jaribio la kuliondoa kabisa swali hili mikononi mwa binadamu. Joseph Hellerstein, Vance Morrison na Eric Eilebrecht walilitazama kundi la nyuzi kama wahandisi wanavyotazama mtambo unaojirekebisha: kuna kitu kinachopimwa, nacho ni idadi ya kazi zinazokamilika kwa sekunde, na kuna kitu kinachogeuzwa, nacho ni idadi ya nyuzi. Njia waliyoichagua huitwa kupanda kilima. Ongeza nyuzi; kazi zinazokamilika zikiongezeka, endelea kupanda; zikipungua, rudi.

Kwa maneno hayo machache njia inaonekana nyepesi, na ikitekelezwa hivyo hivyo hushindwa. Kazi zinazokamilika kwa sekunde hupanda na kushuka zenyewe, kwa sababu zisizohusiana na nyuzi. Sekunde hii imejaa maombi mepesi, inayofuata ina ripoti nzito. Hifadhidata imechelewa kidogo. Programu nyingine imeamka. Mtambo unaoamini kila badiliko ungepanda kilima ambacho hakipo. Suluhisho lililoingizwa katika .NET 4.0 lilitoka katika taaluma ya ishara za umeme. Badala ya kuongeza uzi na kungoja, mazingira huifanya idadi ya nyuzi iyumbe makusudi, juu na chini, kwa mdundo wanaoujua. Kisha huchunguza kama kazi zinazokamilika nazo zinayumba kwa mdundo uleule. Kinachoyumba kwa midundo mingine huhesabiwa kuwa kelele. Ukubwa wa mwitikio ukilinganishwa na kelele ndio unaoamua kama kuna sababu ya kusogea, na kwa kiasi gani. Hesabu ya kuupata mdundo mmoja kati ya mingi hufanywa kwa njia iliyochapishwa na Gerald Goertzel mwaka 1958, ileile ambayo mitambo ya simu imeitumia kutambua mlio wa kitufe kilichobonyezwa. Pengine ni miongoni mwa mifano mizuri zaidi ya maarifa ya simu kurithiwa na seva za wavuti.

Toleo hilohilo lilibadilisha pia foleni. Awali kundi lilikuwa na foleni moja iliyolindwa na kufuli, na nyuzi zilipozidi, ziligombania kufuli hilo. Sasa kila uzi ulipata foleni yake ndogo kwa ajili ya kazi ndogondogo zinazozaliwa na kazi nyingine, na uzi uliokosa kazi uliruhusiwa kuiba kutoka foleni ya jirani. Wazo la wizi huo lilikuwa limefanyiwa kazi katika mradi wa Cilk huko MIT, ambako Robert Blumofe na Charles Leiserson walitoa uthibitisho wa kihisabati wa ufanisi wake katika miaka ya 1990.

Upungufu wa kupanda kilima uko katika kile kinachopimwa. Mtambo unaotazama kazi zinazokamilika hauwezi kujifunza chochote pale ambapo hakuna inayokamilika. Katika mfano wa maombi 100 uliotolewa hapo juu, kazi zinazokamilika ni sifuri. Idadi ya nyuzi iyumbe iyumbavyo, sifuri haiyumbi. Wabunifu walilielewa hilo, na ndiyo maana mlinzi wa lango na nusu sekunde yake hawakuondolewa. Mbinu ya kisasa ya 2010 iliwekwa juu ya mbinu ya 2002, kila moja ikishughulika na hali ambayo nyingine haikuiona. Baadaye yaliibuka malalamiko ya upande wa pili, kwamba mtambo huongeza nyuzi pasipo haja katika programu zenye mzigo usiotabirika, na usanidi wa .NET ukawa na ufunguo wa kuuzima kabisa. Kilichobuniwa ili kumwondolea mtu usanidi kikawa kimezaa usanidi wake.

6.0 Lugha inapoingilia kati

Agosti 2012, C# ilipata namna ya kuandika msimbo unaongoja bila kushika uzi. Kazi inapofika mahali pa kusubiri hifadhidata, huuachia uzi, na jibu likija huendelea katika uzi wowote ulio huru. Kwa programu iliyoandikwa hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hesabu za 88 na 76 hazina maana tena. Nyuzi chache sawa na prosesa zinatosha kuhudumia maelfu ya maombi. Ilitarajiwa kwamba mjadala wa idadi ungekufa kifo cha kawaida.

Haukufa, kwa sababu programu nyingi hazikuandikwa upya. Maktaba zilibadilika kufuata mtindo mpya, ilhali msimbo wa juu yake, wenye umri wa miaka mingi, ulibaki wa mtindo wa kale. Palipokutana mitindo hiyo miwili, mwandishi aliita kazi isiyoshika uzi kisha akalala akiingoja matokeo. Sasa uzi mmoja umelala na mwingine unahitajika kuuamsha: ndiyo mkwamo wa 2002 uliorudi kwa vazi jipya. Katika ASP.NET ya zamani, mchanganyiko huo mara nyingi ulisababisha mkwamo wa moja kwa moja, uliogunduliwa siku ya kwanza ya majaribio. Katika ASP.NET Core, iliyotolewa mwaka 2016 pasipo kile kifungo cha kurudisha kazi katika muktadha wa ombi lake, mkwamo huo uliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na njaa ya nyuzi, ambayo haionekani mpaka mzigo uwe mkubwa. Kwa mtazamo wa mhandisi, badiliko hilo halikuwa nafuu kamili. Kasoro inayojitokeza mezani kwa mwandishi ni afadhali kuliko ile inayosubiri siku ya wateja wengi.

7.0 .NET 6 na baada yake

Novemba 2021, .NET 6 ilileta kundi la nyuzi lililoandikwa upya kwa C#, likichukua nafasi ya lile la C++. Badiliko la maana zaidi kwa historia hii lilikuwa dogo kwa umbo: msimbo wa .NET unaolala ukingoja kazi nyingine sasa huliarifu kundi kabla ya kulala. Kundi, likijua kwamba uzi huo haupo kazini, huongeza mwingine bila kungoja nusu sekunde. Nyuzi za nyongeza zinazolingana na idadi ya prosesa huingia papo hapo. Zinazofuata hucheleweshwa kwa hatua za milisekunde 25, na ucheleweshaji huo haupiti milisekunde 250. Namba hizi zote zinaweza kubadilishwa katika faili ya usanidi wa utekelezaji. Ndiyo kusema kwamba, baada ya miaka karibu 20, .NET ilipata sehemu ya ule ujuzi ambao kiini cha Windows NT kilikuwa nao mwaka 1994. Ni sehemu tu, maana taarifa hutolewa kwa aina moja ya kusubiri. Uzi uliolala ukisubiri kufuli au ukisoma mtandao kwa njia ya kale haumwambii mtu.

Wakati huohuo makontena yalikuwa yamebadilisha maana ya prosesa yenyewe. Kontena lililopewa nusu ya prosesa huhesabiwa na .NET kuwa na prosesa moja, kwa kuwa sehemu hupandishwa hadi namba kamili inayofuata. Kwa hiyo kima cha chini huwa uzi mmoja. Programu iliyojaribiwa katika kompyuta ya mwandishi yenye prosesa kumi na sita, ambako nyuzi 16 hupatikana bila kusita, hupelekwa katika kontena ambako hupatikana mmoja. Wengi hukimbilia kupandisha kima hicho kwa kigezo cha mazingira, na hapo hukutana na mtego mwingine: thamani za vigezo hivyo husomwa kwa msingi wa kumi na sita. Anayeandika 50 hupata nyuzi 80. Msimamizi aliyesahau kuzidisha 88 mwaka 2004 angemwelewa mwenzake huyu bila maelezo marefu.

Java, iliyoanza kwa kumwachia mwandishi kila kitu, ilichagua njia nyingine katika toleo la 21 la Septemba 2023: ilifanya uzi wenyewe uwe wa bei nafuu, kiasi kwamba kila ombi linaweza kuwa na wake, na chini yake kukawa na nyuzi halisi zinazolingana na idadi ya prosesa. .NET haikufuata huko. .NET 8, iliyotoka miezi miwili baadaye, ilimpa mtumiaji wa Windows hiari ya kuliweka kando kundi la .NET na kutumia lile la mfumo endeshi, lenye kima cha juu cha nyuzi 500. Katika hali hiyo mtambo wa kupanda kilima haufanyi kazi, na mlinzi wa lango hayupo. Agizo la kupandisha kima cha chini, lile lililopita mkono kwa mkono kwa miaka mingi, bado lipo na bado huitwa na programu nyingi zinapoanza. Huitikia kwa jibu la sikweli, na hakuna kinachobadilika.